Unga Uliokataa Kuumuka

Kila Ijumaa asubuhi wakati wa likizo, Adila na bibi yake, Mwanamkasi, walipika vitumbua nyumbani kwao Dunda. Ijumaa hii Adila, mwenye miaka kumi na miwili, aliomba akoroge unga peke yake. Alasiri kulikuwa na maulidi madrasani, naye alikuwa amewaahidi wenzake vitumbua, tena kwa majigambo.

Saa nzima ilipopita alifunua bakuli. Unga ulikuwa umelala vilevile, hata povu hakuna.

"Ni Shufaa huyo!" alifoka. "Kaufunua na kuuchungulia. Kaupiga jicho la husuda!"

Shufaa, mtoto wa shangazi yake aliyekuja likizo kutoka Msata, alisikia kutoka mlangoni. Machozi yalimlengalenga, akaingia chumbani kutia nguo zake begini. Maskini, wiki mbili walikuwa wamelala kitanda kimoja, wakicheka mpaka wagombezwe!

"Haya, kaufunua," Bibi alisema. "Ijumaa iliyopita nani aliufunua?"

"Mimi. Mara tatu."

"Ukaumuka?"

"Uliumuka, Bibi."

"Basi kufunua si sababu. Hebu nisimulie ulivyofanya, kimoja baada ya kingine. Usiruke."

Adila alihesabu kwa vidole: alisaga mchele uliolowekwa tangu jana, akatia sukari, iliki na hamira, akachemsha tui, akalimimina.

"Ulilimimina likiwaje?"

Adila aliitazama sufuria ya tui. "La moto, Bibi. Nilikuwa na haraka."

"Na siku zote?"

"Tunangoja lipoe, libaki vuguvugu." Sauti ilimshuka. "Nimeiunguza hamira."

"Huenda. Unga umeshapoa. Tia hamira nyingine, usibadilishe kitu kingine, tuone. Na umwite Shufaa, aje achungulie apendavyo."

Adila alikwenda polepole mpaka chumbani. "Nisamehe, Shufaa. Kosa nimefanya mimi, nikakutwika wewe."

Shufaa aliliacha begi wazi, akamfuata.

Ilipokaribia adhuhuri, unga ulifika ukingoni mwa bakuli. Shufaa alikuwa ameuchungulia mara saba, na kila mara wote watatu walicheka.

"Jambo likiharibika, wajukuu zangu," Bibi alisema akipaka mafuta chuma cha vitumbua, "rudini nyuma hatua kwa hatua, mtafute palipobadilika. Msikimbilie kumshika mtu kabla hamjajua."

Adila aliopoa kitumbua cha kwanza. Safari hii hakuwa na haraka: alikipuliza, akakipuliza mpaka kikapoa, ndipo akampa Shufaa.