Dirisha la Chini na Sauti ya Mama

Asubuhi Mama aliwaamsha watoto kwa kugonga kijiko mezani. Zamani aliwaita tu, na mtaa mzima ukasikia. Sasa koo lilikuwa na uvimbe, na sauti yake ilibaki mnong'ono. Daktari hakumficha. Wiki ijayo angefanyiwa upasuaji, na baada ya hapo hata huo mnong'ono usingekuwepo.

Kilichomuumiza zaidi ni kitindamimba wake, aliyekuwa bado ananyonya.

"Wakubwa watanikumbuka," alimwambia mumewe. "Huyu hatajua mama yake alivyosema."

"Tutakurekodi, mama watoto. Si studio tunayo?"

Studio ilikuwa chumba cha chini ya nyumba. Humo mumewe alirekodi vikundi vya waimbaji. Kulikuwa na dirisha moja karibu na dari, na kupitia kioo chake uliona miguu ya wapita njia. Ng'ambo ya barabara palikuwa na karakana ya fundi wa milango na madirisha. Waimbaji walipopaza sauti, msumeno wa fundi haukusikika. Kwa hiyo dirisha lile halikuwahi kumkosesha mtu usingizi.

Mama akaketi mbele ya maikrofoni. "Mwanangu, mimi ni mama yako," alianza.

Mumewe aliposikiliza alichorekodi, alisikia pikipiki, msumeno, na mtu akicheka barabarani. Mama hakusikika.

Mumewe akabandika trei za mayai kwenye kioo. Wakarudia. Pikipiki! Akatundika blanketi juu ya trei. Wakarudia tena. Msumeno! Kila waliporudia, sauti ya Mama ilizidi kukatika. Mwishowe Mama akatikisa kichwa, akapanda juu kwenda kulala. Mumewe alikaa sakafuni, akalia waziwazi. Alijiona hana faida yoyote.

Alipofuta machozi, alivuka barabara kwenda kwa fundi.

"Ndugu yangu, nakuomba uzime msumeno."

Fundi aliposikia habari, aliuzima papo hapo. "Pole sana kwa shemeji. Lakini pikipiki nazo nani atazizima? Twende nikaone hilo dirisha."

Alipoona trei, alishindwa kujizuia. "Kuku wenyewe wako wapi?"

Mwenye studio hakucheka. Fundi akakohoa, akaona haya.

"Samahani. Sikiliza. Trei na blanketi hupunguza mwangwi humu ndani. Haviwezi kuzuia kelele za nje, kwa sababu ni vitu vyepesi. Sasa weka kiganja hapa, pembeni mwa fremu. Unahisi nini?"

"Upepo."

"Basi hapo hewa inapita, na sauti inapita hapo hapo. Tuzibe kwanza nyufa hizi. Kisha tutengeneze kizibo kizito cha mbao nene, tabaka mbili, kiingie sawasawa kwenye uwazi wa dirisha. Pembeni tuweke mpira laini, kama ule wa mlango wa friji, kibane. Kati ya kizibo na kioo tuache nafasi."

"Nikipigilie misumari?"

"Thubutu! Moto ukizuka mtatokea wapi? Na mtavuta hewa gani? Tutaweka vishikio. Ukimaliza kurekodi, unakitoa."

Walikata, wakapima, wakakosea, wakakata tena. Kizibo kilipoingia mahali pake, chumba kikanyamaza. Pikipiki ilipita, ikasikika kwa mbali sana.

Mama akashuka. Mumewe akavaa hedifoni.

"Mwanangu, mimi ni mama yako."

Sasa kila neno lilisikika. Ilisikika pia jinsi sauti ilivyochakaa, na jinsi Mama alivyovuta pumzi kwa shida. Mumewe aligeukia ukuta asionekane. Mama alisema na mwanawe mpaka maneno yakagoma kutoka.

Upasuaji ulifanyika. Mama alirudi nyumbani akiwa hai, na bubu. Siku za kwanza hakutaka hata kutazamwa.

Kisha mchana mmoja mtoto alilia, akakataa kubembelezwa. Mama alimpakata, akawasha redio iliyotiwa rekodi ile.

"Mwanangu, mimi ni mama yako."

Mtoto akanyamaza. Hakuitazama redio. Aliutazama mdomo wa mama yake, uliokuwa umefungwa, akaushika kwa mkono.