Mwanamke wa Kanda Isiyo na Sauti

Kanda ilinuka ubani. Callixte aliinusa, akacheka, akaitia kwenye mashine. Mpenda chongo huita kengeza, bwana.

Kazi yake pale Gisenyi ni kutafsiri filamu kwenye ukumbi wa video: hushika maikrofoni akawasemea wote, mzee, mtoto na jambazi. Lakini alizozikusanya nyumbani ni takataka zisizotakiwa na mtu: pepo wa katoni, damu ya nyanya, hadithi inayoanzia harusini na kuishia kisimani bila maelezo.

"Unaona nini mule?" mkewe, Mukantwari, alimuuliza.

"Filme kubwa unajua mwisho yake mbele haijaanza. Hizi, hata mwenye alitengeneza hakujua."

Hii ilitoka Goma. Resty, muuza vitunguu, aliivusha mpaka kikapuni, pale Petite Barrière. "Mwenyewe alinipa bure," alisema, "tena alikimbia."

Saa tisa mchana Callixte akafunga pazia. Kwenye kioo cha televisheni alikuwapo mwanamke mmoja tu, katika chumba cha maboksi, anatazama mbele, mdomo unacheza, sauti hakuna. Mazoea yana taabu. Callixte akashika maikrofoni, akamsemea: "Hodi! Nimetoka mbali. Iko mutu?" Kisha, kwa ile sauti yake nzito ya wazee, akajibu: "Karibu, mama. Nyumba ni yako."

Yewe, Callixte! Umemjibia nani? Mle hamkuwa na mtu wa pili. Mwanamke alitabasamu, akatoka pembeni mwa kioo, asirudi.

Tangu hapo ubani ukahamia kwenye mapazia, ukaingia hadi kwenye maharage, na nyayo zilizolowa zikawa zinasikika kutoka sebuleni mpaka chumbani, mchana kweupe, na kila Callixte alipomwita mkewe neno lilichelewa kinywani kama kwamba mtu mwingine analionja kwanza, hata siku ya nne, kazini, watazamaji wakatimka mbio, maana mzee, mtoto na jambazi wote walisema kwa sauti moja, ya kike.

Mukantwari akamleta Shehe Nzabonimpa. Shehe akasoma, akanyunyiza maji, akanong'ona:

"Nani alimukaribisha?"

Callixte akajigusa kifua. Kusema aliogopa.

"Bon. Mwenye alisema karibu, ndiye atasema toka. Neno moja tu. Ukishindwa leo, sauti yako imekwenda."

Mukantwari akamshika mkono, machozi yanamtoka. "Sema, baba. Sema tu."

Callixte akafumbua kinywa, mishipa ya shingo ikamsimama. Sauti ikatoka, laini, ya mama mwenye nyumba:

"Mukantwari, sindikiza shehe, mugeni wako. Na we usirudi."