Hodi kwa Kalondu

Mama Tabby ana nyumba za kupangisha pale Kiganjo, Thika, na ana roho nzuri kupita kiasi. Funguo za ziada za wapangaji wote ziko mfukoni mwa aproni yake. Mvua ikinyesha, anaingia kwako kufunga dirisha. Ukisahau taa, anaingia kuzima. Na akishaingia, anakuoshea vyombo pia. Sasa utagombana vipi na mtu kama huyo?

Kalondu aligombana naye. Yeye hufanya kazi kiwandani usiku, analala mchana. Juzi aliamka akamkuta Mama Tabby kando ya kitanda, anakunja nguo zake za ndani.

"Mama Tabby, nahama mwisho wa mwezi," alisema, huku akijifunika blanketi.

Mama Tabby alitoka akilia. Katika wapangaji wote, huyo ndiye aliyempenda zaidi. Alienda kwa jirani yake Carolyne, karani wa wakili.

"Carol, si nyumba ni yangu?"

"Ni yako. Lakini ukishapangisha, mle ndani ni kwake. Katiba inamlinda. Ukitaka kuingia, mwambie mapema, akubali. Moto ukiwaka, hapo ingia tu."

"Lakini mimi siibi. Nasaidia."

"Wewe huombea wapi?"

"Chumbani. Nafunga mlango."

"Nikiingia katikati ya maombi nikufagilie?"

Mama Tabby alifikiria. "Aki, nitakufukuza na huo ufagio."

"Basi Kalondu naye ana kwake."

Jioni hiyo Mama Tabby alimngojea Kalondu nje, akamwekea ufunguo wa ziada mkononi.

"Nisamehe, mwanangu. Sitaingia tena bila kukaribishwa."

Jumamosi alipika chapati, akabisha kwa Kalondu.

"Hodi. Nimekuletea chapati."

"Nimelala, Mama Tabby."

Haya. Mwenye ploti mzima alirudi kwake na sahani yake. Aliumia kidogo, kusema kweli, lakini alirudi.

Saa kumi na moja jioni mlango wake ulibishwa. Alikuwa Kalondu, na bakuli la muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe.

"Hodi, Mama Tabby. Nimefuata zile chapati. Na sihami tena."

Mama Tabby alijawa na furaha. Kisha akageuka, akaona nguo chafu zimejaa kwenye kochi na sufuria juu ya meza.

"Ngoja kidogo, usiingie," alisema.

Kalondu akangoja nje, akicheka.