Pumzi ya Kumi na Tano

Kabla ya kiitikio cha pili, Chiriku alivuta pumzi. Ni jambo la kawaida, hakuna mwimbaji asiyepumua. Tatizo ni kwamba dada yake alikuwa ameshaikata pumzi ile mara tatu.

Dada mtu, ambaye mtaa mzima ulimwita Besi kwa jinsi madirisha ya majirani yalivyotetemeka akiwa kazini, alikuwa amekaa kwenye chumba cha nyuma mchana wa Jumapili, kompyuta mbele yake na hedifoni masikioni. Alikuwa akiisafisha sauti ya mdogo wake. Kazi hiyo inataka subira. Unasikiliza kipande kwa kipande, unakata kikohozi hapa, mkwaruzo wa kiti pale, na zile pumzi zinazoingia kwa kelele. Alikuwa amezihesabu tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho: kumi na nne. Sasa zilikuwa kumi na tano, na hiyo ya kumi na tano ilikuwa nzito na ya polepole, kama ya mtu aliyepanda ngazi ndefu akasimama nje ya mlango bila kubisha hodi.

Akaikata mara ya nne, akahifadhi kazi yake, akaenda kunywa maji. Aliporudi, ilikuwepo.

"Imezeeka hii kompyuta," akajisemea, akaizima.

Besi hakuwa mtu wa kuogopa upesi. Miaka sita nyuma alikwenda kuomba kazi kwenye studio moja mjini, na prodyuza wa pale akamwambia wanawake kazi yao kuimba, mitambo ina wenyewe. Alirudi nyumbani akaanza kukusanya vyake kidogo kidogo kwa mshahara wa kutengeneza redio na simu: spika mbili kutoka ukumbi uliofungwa, kompyuta ya mtumba, maikrofoni yenye ufa ubavuni. Kuta alizifunika kwa vipande vya godoro ili sauti isirukeruke. Mama yao alinung'unika wiki nzima kwa ajili ya godoro lake, kisha akazoea. Na mwaka huu, kituo kimoja cha redio kilipotangaza kwamba kinapokea nyimbo mpya mpaka Ijumaa, Besi alimwambia mdogo wake, "Tunapeleka. Na pale wanapouliza jina la studio, tunaandika Chumba cha Nyuma."

Jumatatu alasiri, alipotoka kazini, pumzi ilikuwa imegeuka mguno. Ulikuwa mguno mwembamba, wa chini kuliko besi yake mwenyewe, ukiufuata wimbo nyumanyuma kama mtu anayejifunza maneno. Akaishusha sauti ya Chiriku mpaka sifuri. Mguno ukaendelea. Akausimamisha wimbo wote. Mguno ukaendelea. Akachomoa waya wa hedifoni kwenye kompyuta, akazivua, akaziacha zining'inie shingoni, na hapo ndipo aliposikia, katika mchana ule mweupe, watoto wakicheza mpira nje na jirani akitwanga kitu uani, kwamba kile kitu kilikuwa bado kinapumua, kwenye hedifoni zisizounganishwa na chochote, karibu kabisa na koo lake, na kwamba chumba kimejaa harufu ya udi ambao hakuna mtu aliyeuchoma.

"Wewe nani?" akanong'ona.

Kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa kurekodi ukaruka. Maikrofoni ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wake, waya umeviringishwa. Mstari ukatulia. Besi akairudisha ile rekodi na kuisikiliza. *Wewe nani*, ilisema kwa sauti ya Besi mwenyewe, bila kuuliza. Kisha kwa sauti ya Chiriku, kama mtoto anayefundishwa kusoma: *Nani. Nani. Nani.*

Hakumwambia mtu. Baadaye alijilaumu sana kwa hilo, lakini siku ile aliifikiria Ijumaa tu.

Jumanne Chiriku aliamka bila sauti. Alikuwa mwalimu wa watoto wa chekechea, na alikwenda kazini hivyohivyo, akiwanong'oneza. Watoto wakadhani ni mchezo, nao wakanong'ona kutwa nzima, darasa zima kama majani makavu. Hospitalini daktari alimmulika koo, akasema halina kidonda wala uvimbe, apumzike.

Jumatano jioni, jua halijazama, mama na Chiriku walikuwa jikoni wakichambua maharage. Kutoka chumba cha nyuma sauti ya Chiriku ikaanza kuimba.

Mama akatabasamu kwanza. "Dada yako kazidi na huo wimbo. Nenda kamwambie apunguze."

Chiriku hakuinuka. Alikuwa anatazama mlangoni, ambako Besi alikuwa amesimama na mkoba wake wa kazini begani, ndiyo kwanza anaingia.

"Sijawasha kitu, mama," Besi alisema taratibu.

Wote watatu wakasikiliza. Wimbo ulikuwa uleule, maneno yaleyale, ila lililokuwa likiimba lilikuwa halijui maneno yanamaanisha nini, likikaza pale pasipokazwa, likicheka katikati ya neno *mama*, likirudia neno hilo mara kumi, ishirini, kila mara karibu zaidi na mlango wa jikoni, mpaka mama akayaachia maharage yakamwagika sakafuni na hakuna aliyeinama kuyaokota.

Usiku ule walilala kwa jirani. Asubuhi ya Alhamisi mama akamleta mganga.

Siku za kawaida mganga huyu alikuwa fundi bomba, na alikuja na suruali ya kazi yenye matope magotini. Uganga aliurithi kwa baba yake na hakuupenda sana. "Bomba likipasuka," alisema akivua viatu, "angalau unajua maji yanatoka wapi."

Aliingia chumba cha nyuma peke yake, akavaa hedifoni, akakaa humo kwa muda. Alipotoka, uso ulikuwa umembadilika rangi.

"Ni jini, na ni mkubwa," alisema kwa sauti ya chini. "Hana sauti ya kwake. Huyu huokota za watu, na nyie mmemwekea sauti mezani kila siku. Ameanza na binti huyu. Wa pili atakuwa mama. Chomeni mitambo yote, waya mpaka waya. Akikosa pa kukaa, ataondoka."

"Na sauti ya mdogo wangu?" Besi aliuliza.

Mganga akatazama chini. "Itaondoka naye."

"Basi hatuchomi."

"Mwanangu," mama alisema, "vitu vinanunuliwa."

"Sisemi vitu, mama. Sauti yake imo mle. Nichome nyumba mtu wangu akiwa ndani?"

Chiriku alikuwa amekaa kitako kizingitini. Alimshika dada yake kisigino akanong'ona, na ilibidi wote wainame kumsikia. "Mtoe. Unajua kutoa vitu."

Besi akamgeukia mganga na kumweleza kama anavyoeleza wateja wake wa redio. Sauti ni wimbi, linapanda na kushuka. Ukiichukua sauti ileile ukaipindua, pale ya kwanza inapopanda ya pili inashuka, na ukizipiga pamoja zinamezana, husikii kitu. Yeye alikuwa na sauti halisi ya Chiriku, aliyoirekodi wiki mbili kabla na kuiweka kando. Jini akiimba wimbo uleule, yeye Besi ataondoa sauti ya Chiriku ndani ya ile ya jini. Kitakachobaki ndicho jini mwenyewe. Halafu atakipindua hicho.

"Baba yangu hakunifundisha hayo," mganga alisema.

"Wewe shika mlango tu na usome unachosoma. Hayo mengine niachie mimi."

Saa nane mchana Besi aliingia, akaacha dirisha wazi ili jua liingie. Akafungua mstari wa kurekodi. "Imba," akasema. "Si ulikuwa unaimba?"

Jini akaimba. Aliimba kwa sauti ya Chiriku mwanzo hadi mwisho, na mstari ukakijaza kioo. Besi akaanza kazi. Akaileta sauti halisi, akaipindua, akaipanga unywele kwa unywele na ile ya jini. Akapiga.

Kilichobaki hakikuwa sauti ya mtu. Kilikuwa kama upepo ndani ya mtungi mtupu, mrefu, wenye njaa.

Harufu ya udi ikamkaba. Spika zikasema, kwa sauti ya Chiriku, laini kabisa, sikioni: "Niache humu. Mimi nitaufikisha wimbo wako mbali. Yule wa studio mjini atakuja hapa kukupigia magoti, nitamleta mwenyewe, wote waliokucheka nitawaleta, watasikiliza na hawataweza kuacha, wewe niache tu, pumzi moja tu, pahali padogo kabla ya kiitikio, hata hakuna atakayejua."

Na lazima isemwe ukweli, Besi alisita. Mkono ulisimama juu ya kitufe. Miaka sita ni mingi.

"Nitajua mimi," alisema mwishowe. "Wimbo ni wetu na kazi ni yangu. Sikukuita."

Akaupindua ule upepo, akaongeza sauti mpaka mwisho, akaupiga.

Kimya kilichotokea mganga alikielezea baadaye kama kuzama majini. Hakusikia mpira nje, hakusikia kisomo chake mwenyewe mdomoni. Vipande vya godoro vikabanduka ukutani kimoja kimoja bila kishindo, kioo cha dirisha kikapasuka bila mlio, na Besi alimwona mama yake mlangoni akipanua mdomo kumwita bila kitu kutoka, na bado hakuondoa mkono, akauacha pale huku damu ikimtiririka puani, mpaka spika zote mbili zikatoboka kwa pamoja na dunia ikarudi na kelele zake.

Kizingitini Chiriku alikohoa. Akakohoa tena, akasema kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, "Mama, maji."

Mama alilia ndipo akaenda kuleta maji.

Mganga alipoaga, alisisitiza jambo moja: kila kilichokuwemo chumbani kitupwe, na maikrofoni iwe ya kwanza. Besi alizitupa spika. Maikrofoni aliifuta vumbi, akaibakiza. Ijumaa asubuhi walirekodi upya sebuleni, milango wazi, mama amekaa katikati yao akikataa kuondoka. Sauti ya Chiriku haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa na uzito, na Besi aliipenda zaidi. Saa kumi wimbo ulikuwa umekwenda.

Wiki iliyofuata mtangazaji alipiga simu. Wimbo umechaguliwa, alisema, utapigwa Jumamosi. Alitaka tu kuhakikisha majina. Studio: Chumba cha Nyuma. Ala na uchanganyaji: Besi. Mwimbaji: Chiriku.

"Na huyu mwanamume anayeitikia chini chini, mwenye sauti nzuri hivyo? Naye tumwandike nani?"

Uani Chiriku alikuwa akianika nguo na kuimba, sauti yote ikiwa yake mwenyewe. Besi alimtazama, simu sikioni. Kisha akavuta kiti, akakaa, akawasha kompyuta.

"Msimwandike," alisema. "Nipe mpaka jioni nimtoe."