Mtungi Uliozidi Mlango

Haya sikuyaokota barabarani. Yamemfika kaka yangu wa tumbo moja, Mahfoudh, mchora ramani, na kwa ubishi hana mwenzake. Ijumaa ile tulikuwa kwake Qurum, tunakunywa kahawa, na yeye anakula tende huku akipanga kokwe ukingoni mwa sahani, moja moja, kama kawaida yake.

Alikuwa katoka kaskazini, Rasi Musandam, milima inakoingia baharini. Akatwambia zamani watu wa kule wakishuka pwani msimu wa tende, huacha chakula, nafaka na unga, ndani ya mitungi mikubwa kuliko mlango. Mtungi huwekwa kwanza, nyumba ikajengwa baadaye, mwizi asiutoe. Kisha akatoa mfukoni ufunguo wa chuma. Kauchomoa kwenye nyumba ya mahame.

"Karudishe," alisema mkewe, Kheiria. "Vya watu hivyo."

"Watu gani? Kule hamna mtu."

Wifi yangu akasukuma kikombe. Kahawa hakuimaliza.

Jumapili mchana binti yao mdogo, Reem, akapotea. Geti limefungwa, viatu vyake vipo. Tukamtafuta mpaka chini ya magari. Ndipo tukasikia sauti, stoo, chini ya ngazi.

"Baba, nnaona kiza."

Tukafungua. Mtungi. Asubuhi haukuwamo; sasa umeijaza stoo, mpana kuliko mlango, mdomo wake hauingizi ngumi. Sauti imo ndani. Mahfoudh akaupiga nyundo mara moja, na Reem akalia kwa maumivu. Nyundo ikamponyoka.

Jioni ile kaka akachukua ufunguo, akapanda ndege ya Khasab, kule kule kaskazini. Kheiria akabaki sakafuni, kiganja juu ya mtungi, ananong'ona na mwanawe mpaka kukacha. Mie niliogopa, sikufichi. Nilikaa jikoni, taa zote nimewasha.

Asubuhi simu ikalia. Mahfoudh, kwa sauti ya chini.

"Nimefika. Mlango uko wazi. Mtungi wao haumo."

"Tia ufunguo mlangoni, urudi," alisema Kheiria.

"Wanasema niingie mie, atoke yeye."

"Nani wanasema?"

Simu ikakatika. Tulipogeuka, Reem kasimama kwenye ngazi, nywele zimejaa unga.

Waliokwenda kumtafuta kaka waliikuta nyumba imefungwa kwa ufunguo. Wakauvunja mlango. Ndani, patupu.

Mtungi upo mpaka leo. Wifi hataki kuhama. Kila Ijumaa hutia tende mdomoni mwa mtungi, na asubuhi tunakuta kokwe ukingoni, zimepangwa moja moja.