Kivuli kwa Mleta Vifurushi

Mwaka 2013 Ramadhani iliangukia mwezi wa Julai. Aliyewahi kukaa Doha, mji mkuu wa Katari, mwezi huo hahitaji kuelezwa. Ukifungua mlango mchana, joto linakupiga usoni kama umefungua tanuri la mkate. Ukifungua bomba la maji baridi, yanatoka ya moto, maana tangi liko juu ya paa na jua linaliwakia kutwa nzima.

Saada na mumewe Makame walikuwa Wazanzibari. Waliishi Al Rayyan, kando ya Doha, katika nyumba kubwa iliyogawanywa kwa wapangaji wengi. Makame alikuwa dereva wa familia moja ya mtaa wa Al Sadd. Saada alishinda nyumbani na binti yao mdogo, Khadija. Jirani yao alikuwa Nafula, Mkenya, muuguzi katika zahanati.

Siku hiyo Saada alikuwa anangoja kifurushi kutoka Unguja. Mama yake alikuwa amemshonea Khadija gauni la Idi. Khadija aliliulizia asubuhi, mchana, na kabla ya kulala.

Baada ya adhuhuri simu ililia. Saada alikuwa amejilaza chini ya kiyoyozi. Aliiacha ikalia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena.

"Asalaam alaykum, Dada Saada. Ni mimi Haji wa vifurushi. Nimepotea tena."

Haji alikuwa kijana wa Tanga. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua na vifurushi kwa pikipiki. Saada alimjua sauti kuliko sura.

"Waalaykum salaam. Njoo nyuma ya msikiti. Geti la kahawia."

"Dada, huku mageti yote ni ya kahawia."

"Wewe njoo tu, utaliona."

Ni rahisi kusema "utaliona" ukiwa chini ya kiyoyozi. Saada alikata simu, akaenda jikoni kufunga sambusa za futari. Nje alisikia pikipiki ikipita. Ikarudi. Ikapita tena.

Hatimaye geti likagongwa.

"Nakuja," Saada alisema. Lakini mikono yake ilikuwa na unga. Akamaliza sambusa zilizobaki, akanawa, kisha akaanza kutafuta buibui lake. Mumewe hakuwapo, kwa hiyo hakutaka mwanamume aingie uani. Geti likabaki limefungwa. Nje hapakuwa na mti wala kibaraza. Palikuwa na ukuta mweupe tu, unaorudisha joto lote kwa aliyesimama mbele yake.

Saada hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyepita kwake jioni akakosa tende. Ila alikuwa na wazo lake moja. Wiki ile ile Makame alikuwa amemwuliza, "Yule kijana wa vifurushi, mbona humpi hata maji?"

"Mtu kafunga, nimpe maji mchana?" Saada alijibu. "Si kumtamanisha huko? Mwache na saumu yake."

Makame aliona mkewe ana hoja.

Saada alipofungua geti, alimkuta Haji ameketi chini, mgongo ukutani. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Hapakuwa na hata tone la jasho. Alimpa Saada kifurushi chenye jina la mtu mwingine.

"Haji, hiki si changu."

Haji alikigeuza kifurushi mkononi. "Mama kasema mbuzi wafungwe," alisema taratibu.

Saada akacheka kidogo. "Saumu imekushika leo, mdogo wangu."

Haji akajaribu kuinuka. Alishika pikipiki, ikamwelemea, wakaanguka pamoja.

Kicheko kikamkauka Saada. Alikimbilia mlango wa jirani, akaugonga kwa viganja vyote viwili. Nafula alikuwa na mapumziko siku hiyo. Alitoka na kanga mabegani, akapiga magoti kando ya Haji, akamgusa shingo.

"Huyu anachomeka," alisema. "Mama Khadija, shika miguu. Tumwingize ndani."

"Ndani? Makame hayupo."

"Mimi niko, na mlango tutauacha wazi. Shika miguu."

Wakamlaza sebuleni, chini ya kiyoyozi. Nafula alipiga simu ya dharura, 999, akaeleza mahali walipo: zahanati ile, msikiti ule, barabara ile. Alipokuwa akieleza alimfungua Haji vifungo vya shati na kumvua viatu. Saada alikimbilia bomba la uani, akarudi na ndoo. Nafula alitia kidole na kukitoa upesi.

"Haya ni ya kupikia chai. Chota kwenye hita ya bafuni. Si mmeizima tangu joto lianze?"

Kila mtu Doha anajua jambo hilo. Wakati wa kiangazi hita ikizimwa, maji yaliyo ndani yake huwa ndiyo ya baridi, kwa sababu tangi lake liko kivulini ndani ya nyumba. Saada mwenyewe alimwogeshea mtoto maji hayo kila siku. Hofu ilikuwa imemsahaulisha.

Wakamlowesha Haji kuanzia kichwani. Nafula alifunga barafu katika vitambaa, akaiweka shingoni na kwapani. "Mpepee," alisema. "Usiache." Saada alichukua ungo wa kupepetea mchele, akapepea mpaka mikono ikamuuma. Alikuwa analia bila kujua. Alikuwa anamfikiria mama wa Haji, huko Tanga, mwenye mbuzi wake.

"Tumpe maji anywe?" aliuliza.

"Bado. Mtu asiyejielewa humpi kitu mdomoni, atapaliwa. Ngoja akili irudi."

Baada ya muda Haji alifumbua macho. "Hapa wapi?" aliuliza.

"Unaitwa nani?" Nafula akamwuliza.

"Haji. Pikipiki yangu iko wapi?"

"Vizuri. Sasa kunywa, kidogo kidogo."

Nafula alimwinua kichwa na kusogeza glasi. Haji akafumba mdomo na kugeuza uso.

"Nimefunga," alisema.

"Kijana, utakufa."

"Nimefunga, dada. Sijawahi kuacha hata moja."

Nafula alikuwa Mkristo. Alijua mwili wa mtu, lakini mambo ya saumu hayakuwa yake. Akamtazama Saada.

Saada aliweka ungo chini. Alichukua ile glasi mkononi mwa Nafula. Yeye ndiye aliyesema mtu huyu aachwe na saumu yake. Sasa alipiga magoti mbele yake.

"Haji, nisikilize," alisema. "Mgonjwa karuhusiwa kufungua. Hilo umelisoma chuo cha Kurani, nami nimelisoma. Siku hii utailipa baada ya Idi, ukiwa mzima. Mola hakutaka ufe getini kwangu."

Haji alitoa machozi. "Kweli dada?"

"Kweli. Nimekukosea kwa kukusimamisha juani. Usiniongezee jingine. Fungua, mdogo wangu."

Haji alisema bismillahi, akanywa.

Gari la wagonjwa lilifika na kumchukua.

Jioni, baada ya futari, Nafula alikuja kunywa uji kwa Saada. Makame alikuwa amesharudi.

"Atapona," Nafula alisema. "Lakini tungechelewa kidogo, joto lingemuua. Mtu akikauka jasho kwenye jua kali na kuanza kuongea ovyo, hiyo si saumu, hayo ni maradhi. Unamtoa juani, unamlowesha, unampepea, unaita gari la wagonjwa."

"Mimi nilidhani nikimpa maji nitamharibia saumu," Saada alisema.

"Sasa Mama Khadija, kwani maji ni ya kunywa tu? Si angejimwagia kichwani? Na kivuli je? Kukaa kivulini kunafunguza?"

Makame akacheka. Saada hakucheka. "Na simu nilikuwa naisikia," alisema polepole. "Nilikuwa naisikia ikilia."

Nafula alimmiminia uji zaidi.

Ijumaa Makame aliomba ruhusa kwa mwenye nyumba, akashika kazi. Alifunga turubai juu ya geti, upande wa nje, likatoa kivuli kizuri. Chini yake akaweka benchi na jagi kubwa la maji lenye bomba, ambalo Saada alilijaza barafu kila siku. Pembeni alitundika pazia. Asiyefunga aliweza kunywa nyuma yake bila kumkwaza mtu barabarani. Mwisho Makame alilipaka geti rangi ya kijani, likawa la kijani peke yake mtaa mzima. Saada naye akajiwekea sharti. Simu ya mleta vifurushi ikilia, anaipokea, na anakwenda kumngoja getini. Mleta vifurushi asimngoje yeye.

Siku chache kabla ya Idi, pikipiki ilisimama mbele ya geti la kijani. Haji alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa na uhai. Saada alikuwa amesimama pale tayari, na Khadija nyuma yake.

"Safari hii sikupotea," Haji alisema. Akamkabidhi Khadija gauni lake, lililokuwa limebaki mzigoni tangu siku ile. Kisha akakaa kwenye benchi, akajimwagia maji kichwani, akafumba macho.

Wengine pia waliizoea benchi ile. Cornelius, aliyegawa barua za kampuni nyingine, alikunywa nyuma ya pazia na kupaita hoteli yake.

Idi ilipita. Wiki iliyofuata Haji alipiga simu. "Dada Saada, leo nailipa ile siku. Jioni nitakuwa mtaani kwenu."

"Basi futari iko kwangu," Saada alisema.

Jua lilipozama, Haji na Makame walikuwa wamekaa kwenye benchi chini ya turubai, na sahani ya sambusa kati yao. Adhana ikaanza. Saada alitoka na glasi ya maji ya baridi. Alimpita mumewe, akampa Haji kwanza.

Haji aliipokea kwa mikono miwili.