Mafungu ya Leokadia

Kila asubuhi, Eufrazia alimsaidia mama yake kusuuza karoti zilizoshushwa na lori la Mgeta. Kisha alimvalisha mdogo wake Leokadia sare, akamfunga kamba za viatu, wakatoka nyumbani kwao Mafiga kwenda shule.

Leokadia alikuwa na miaka sita. Alilelewa na bibi yao, mkulima wa karoti huko milimani Mgeta, akaletwa mjini Januari hiyo aanze darasa la kwanza. Alikuwa akijua Kiluguru vizuri, lakini Kiswahili alikuwa bado akikiokota neno moja moja. Njiani walizungumza Kiluguru, ila wakikaribia geti la shule Eufrazia alinyamaza. Alikuwa darasa la sita, na rafiki zake walizoea kuwatania watoto waliotoka milimani.

"Eti Eufrazia, na wewe unaongea Kiluguru?" Shadya alimwuliza siku moja.

"Mimi? Hata neno moja sijui."

Ijumaa moja, Mwalimu Josephine, mgeni kutoka Bukoba, aliwapima watoto wa darasa la kwanza barazani, kabla ya kuwaandikisha rasmi. Ambaye angeshindwa angerudishwa nyumbani mpaka mwakani. Mama alikuwa amesema wazi kwamba Leokadia asipopokelewa atarudishwa kwa bibi, maana hakuna wa kubaki naye wakati yeye yuko sokoni akiuza karoti. Usiku wa kuamkia siku hiyo, Leokadia alilala ameshika mkono wa dada yake.

Watoto waliopitia chekechea za kulipia walijibu haraka haraka. Leokadia alipopewa vizibo ishirini vya soda na kuambiwa ahesabu, alichuchumaa, akaanza kuvipanga chini.

"Anacheza tu, maskini," alisema Mwalimu Josephine. Akawageukia wanafunzi wa darasa la sita waliokuwa wakifagia karibu. "Nani hapa anajua Kiluguru?"

Wote waliendelea kufagia. Eufrazia alikaza mikono kwenye fagio.

Leokadia aliinua uso, akasema jambo kwa sauti ndogo. Akalirudia. Alikuwa akiomba kwenda chooni. Eufrazia alisikia kila neno, akatazama chini.

Mara maji yakachuruzika kwenye sakafu.

"Kikojozi! Kikojozi!" watoto walicheka.

Leokadia hakulia. Alimtazama dada yake tu.

Eufrazia alitupa fagio. Alivua sweta lake, akamfunga mdogo wake kiunoni, akimbembeleza kwa Kiluguru mbele ya wote.

"He! Kumbe unakijua?" Shadya alishangaa.

"Huyu ni mdogo wangu, Shadya. Nilikudanganya." Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, alikuwa anaomba ruhusa. Nilimsikia. Nikanyamaza."

Mwalimu hakumfokea. Alisubiri mpaka mtoto akaoshwa, kisha akachuchumaa kando ya vile vizibo. "Muulize, hivi ni nini?"

Eufrazia akauliza, akasikiliza, akatabasamu huku macho yamejaa machozi. "Anasema ni mafungu ya karoti, tano tano, kama anavyopanga bibi. Yako manne, kwa hiyo karoti ni ishirini. Na anasema usiombe nyongeza, hakuna."

Mwalimu Josephine alicheka sana. "Haya, mwambie nimenunua fungu moja. Yamebaki mangapi?"

Kabla Eufrazia hajafungua mdomo, Leokadia alijibu kwa Kiswahili, "Matatu."

Jumatatu mama aliitwa shuleni. Alifika darasa la kwanza pamoja na Eufrazia, ana hofu, mikono bado ina udongo.

"Mwalimu, mtoto hafai?"

"Anafaa sana, mama. Tena ameshaandikishwa. Kipimo changu ndicho kilichokuwa na kasoro. Nilimpima kwa mambo ambayo wenzake walilipiwa kufundishwa, na kwa lugha aliyoanza kuisikia juzi. Nimemwomba mwalimu mkuu, naye amekubali kwamba watoto wote walioshindwa nitawapima upya."

Kisha akamshika Eufrazia bega. "Na wewe, binti, ulificha lugha yenu ili usichekwe, ila aliyechekwa akawa mdogo wako. Ulikosea, lakini ulisema kweli mbele ya watu wote, na hilo si dogo. Ukijua kitu kinachoweza kumsaidia mwenzako, usikione aibu. Na sisi walimu tujifunze kwamba mtoto wa mkulima haji shuleni mtupu. Anakuja na alichofundishwa nyumbani, na ni kazi yetu kukiona."

Alivuta kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya darasa.

"Sasa kaa hapa, mama. Nina watoto saba wa Mgeta na sijui hata kuwaambia wasiogope. Kwa Kiluguru mnasemaje?"

Mama alifuta mikono kwenye kanga, akakaa. Mwanzo alisema kwa aibu, taratibu. Mwalimu akarudia, akakosea, na darasa zima likamcheka. Leokadia alisimama kwenye dawati la mbele, akamsahihisha.